Niwashukuru vipi wazazi wangu kabla sijaondoka kwenda chuo kikuu?

BintiWaPaje anauliza:

Asalaam aleykum, na shikamooni wakubwa zangu mliomo humu.

Mimi ni mtoto wa kwanza kati ya watano katika nyumba yetu huko Paje, kusini-mashariki mwa Unguja. Nimechaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mkopo nimepata, na Mungu akipenda nitavuka na boti baada ya wiki mbili. Sanduku limeshanunuliwa, vyeti vimeshatolewa nakala, na shangazi yangu wa Mwanakwerekwe ameahidi kunipokea nilale kwake usiku wa mwisho ili asubuhi nisichelewe bandarini. Limebaki jambo moja linaloninyima usingizi, nalo halimo katika orodha ya vitu ambavyo chuo kimetutaka tuende navyo: sijui niwaambie nini wazazi wangu.

Mama hupanda mwani. Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza upande wetu wa pwani mwaka 1989, na yeye anasema wakati huo alikuwa msichana mdogo aliyekuwa akimfuata bibi majini akiwa amebeba kijifurushi cha tai-tai za kufungia miche. Hajaacha tangu siku hizo. Kuanzia madaftari yangu ya darasa la kwanza hadi nauli ya kwenda na kurudi mjini nilipokuwa kidato cha sita, fedha nyingi zilitoka katika kamba zake: anafunga miche, anasubiri kiasi cha wiki sita, anavuna maji yakiwa yamekupwa, anabeba polo lililolowa, anaanika, kisha anamsubiri mnunuzi ambaye ndiye anayepanga bei. Mtu ambaye hajawahi kuanika mwani hawezi kujua uchungu wa kuona mzigo uliokuvunja shingo asubuhi ukikauka ukabaki kitu cha kushika kwa mkono mmoja. Baba ni mvuvi wa madema, ile mitego ya kusukwa, si msemaji, na katika miaka yangu 20 nadhani nimemsikia akinisifu mara mbili, na zote mbili alikuwa akizungumza na mtu mwingine.

Sasa nyumbani kwetu neno "ahsante" lina mipaka yake. Ukipewa maji unasema ahsante, ukipokewa mzigo unasema ahsante. Lakini siku matokeo ya kidato cha sita yalipotoka nilimwambia mama, "Ahsante kwa kunisomesha," naye akanitazama kama mtu aliyetukanwa, akasema, "Kwani mimi ni jirani?" kisha akaendelea kukuna nazi yake. Tangu siku hiyo nimeogopa kurudia.

Wenzangu wengi tuliomaliza nao wameweka picha za wazazi wao kwenye stetasi pamoja na maneno mazuri, lakini wazazi wangu wote wawili wana simu za kitochi, hivyo maneno hayo yangesomwa na kila mtu isipokuwa wao. Nilifikiria kuandika barua. Najua hata hivyo kwamba mama angempa mdogo wangu amsomee kwa sauti mbele ya wote, nami ningetamani ardhi inimeze. Ami yangu mkubwa ameshapanga isomwe dua Alhamisi ya mwisho, kutakuwa na haluwa na kahawa, na bila shaka yeye ndiye atakayesimama kusema kwa niaba yangu kwamba mtoto anashukuru.

Ninachoomba kwenu ni hiki: je, ipo namna ya kuwashukuru wazazi ambayo haitasikika kama nimefunga hesabu nao, wala kama ninaaga safari ya kutorudi? Na nyinyi ambao ni wazazi, mtoto wenu alipokuwa anaondoka, mlitamani kusikia nini?

MamaWaCherehani:

Wa aleykum salaam, mwanangu. Marahaba.

Niko Tanga mjini, nashona sare za shule, na mwanangu wa pili aliondoka kwenda chuo Morogoro miaka miwili iliyopita, kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyebaki amesimama mlangoni. Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu mama yako. Shukrani yako aliisikia vizuri sana. Alichokikataa ni kule kuwekwa pamoja na watu wanaoshukuriwa kwa kuazimana chumvi. Tena "kunisomesha" ni neno pana mno, linaweza kusemwa na mtoto yeyote kwa mzazi yeyote, hata katika hotuba ya mahafali, na mzazi akilisikia hajui alishike wapi.

Acha nikueleze alichoniambia mwanangu. Usiku wa kuamkia safari nilikuwa nampigia pasi mashati, naye amekaa kwenye kiti changu cha kazi akichezea gurudumu la cherehani. Akasema, "Mama, nilipokuwa nikijisomea usiku nilikuwa nasikiliza cherehani yako. Ikienda mfululizo nilijua una nguvu. Ikianza kusimama kila baada ya kidogo nilijua umechoka, basi nazima taa nijifanye nimelala, kwa sababu nilijua hutalala kabla yangu."

Nilimwambia aache maneno anywe chai kabla haijapoa. Hilo ndilo jibu alilopata. Nilipoingia chumbani nilikaa kitandani muda mrefu nikiwa bado nimeshika shati lake, kwani miaka yote ile nilijua kwamba mimi ndiye ninayekesha kwa ajili yake, kumbe naye alikuwa akinilaza kutoka chumba cha pili. Sijamwambia mpaka leo kwamba nililia, na pengine sitamwambia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba utafute jambo moja, liwe dogo, ambalo mama yako anadhani hukuliona. Mwambie uliliona. Usimwambie mbele ya watu, na usimwambie mkiwa mmekaa mnatazamana, kwa sababu mama wa aina yetu akitazamwa usoni hukimbilia mzaha. Mwambie mikono yake ikiwa na kazi. Akikujibu kwa kukutuma maji, usivunjike moyo. Mletee hayo maji.

MwalimuMstaafu_Mombasa:

Binti yangu, nimesoma swali lako mara mbili, na kwa maoni yangu unahangaika kwa sababu umeanza na neno lisilokuwa la shughuli hii. Sisi watu wa mwambao tuna ada yetu kwa mtoto anayesafiri, na katika ada hiyo hutangulizwa kuomba radhi, shukrani ikaja ndani yake. Zipo tofauti baina ya mambo haya mawili, ijapokuwa siku hizi vijana huyachanganya. Anayeshukuru hutazama alichopewa. Anayeomba radhi hutazama yote yaliyopita baina yake na mzazi wake, pamoja na siku alizokatalia kutumwa, siku alizojibu kwa mkato, na siku ambazo mzazi ndiye aliyekasirika bila ya sababu na jambo likapita bila kuzungumzwa. Ndiyo maana shukrani peke yake humfanya mzazi aone haya, kwani ni kama unamwita mfadhili, lakini radhi hawezi kuikataa, kwa kuwa hiyo ni mali yake na hakuna mwingine awezaye kuitoa.

Nenda kwa mama yako peke yake, kisha nenda kwa baba yako peke yake, umwambie: "Nimekuja kukuaga. Nimekukosea mengi, ninayoyajua na nisiyoyajua. Naomba radhi zako na dua zako." Uzuri wa maneno haya ni kwamba jibu lake lipo tayari, kila mzazi wa Kiswahili analijua tangu utotoni, naye atasema, "Nimekuwia radhi, Mungu akuongoze." Kwa mtu kama baba yako, ambaye si msemaji, hiyo ni hisani kubwa unayomfanyia, maana unampa mlango ambao ameshawahi kuuona ukipitwa na wengine, badala ya kumtaka abuni maneno yake mwenyewe papo hapo. Na kwa kuwa umetusalimia kwa salamu ya Kiislamu, nitakukumbusha kwamba katika Sura ya Luqman, aya ya 14, shukrani kwa Mungu na shukrani kwa wazazi wawili zimeamrishwa mahali pamoja, baada ya kutajwa mimba ya mama, udhaifu juu ya udhaifu, na miaka miwili ya kunyonyesha. Haikutajwa ada ya shule hapo. Mambo yaliyotajwa ni yale ambayo mtoto hawezi kuyakumbuka kabisa.

Jambo jingine linalonishughulisha tangu nilipokuwa nikifundisha fasihi ni kwamba tungo zetu za kale zimejaa sauti ya mzazi anayemuusia mtoto. Mwana Kupona alipomtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wake mwaka 1858, alimhesabia radhi anazopaswa kuzipata, na za baba na mama zimo. Alichojibu Mwana Hashima hatunacho. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu wamwandikie jibu, na wengi waliandika "nimesikia, mama," wakakwama hapo. Usijione basi kwamba wewe ndiwe wa kwanza kukosa maneno.

Kuhusu dua ya Alhamisi, usimdharau ami yako. Hasemi badala yako. Anawafanya jamaa wawe mashahidi kwamba mtoto huyu ameondoka kwa ruhusa ya wakubwa zake, na siku ukipata shida huko uendako hakuna atakayesema kwamba ulijiendea. Mwalimu wako wa Kurani naye usimpite. Tena ukienda kumuaga bibi yako, taja "chuo kikuu" kwa ukamilifu. Mimi mwaka 1974 nilimwambia bibi yangu kwamba ninakwenda chuo, akanishangaa, akaniuliza kama nimesahau msahafu hata nirudishwe, kwa sababu kwake yeye chuo kilikuwa kimoja tu, cha Kurani, nami nilikuwa nimeshakhitimu nikiwa na miaka 11.

Mnyalukolo_Mhasibu:

Habari za leo, dada. Waliotangulia wamesema vizuri, na sina la kuongeza juu ya radhi, kwa sababu kwetu Njombe hatuna utaratibu huo kwa maneno hayo hayo. Nimekuja kukuonya juu ya jambo moja ambalo mtu aliyejaa shukrani hulifanya bila kufikiri, nalo ni kuahidi.

Siku yangu ya kuondoka kwenda Dodoma, watu wakiwa wamekaa sebuleni na mama ameshapika kuku, nilisimama nikasema kwamba kila mwezi nitakuwa natuma fedha nyumbani, na kwamba nikimaliza nitawajengea nyumba. Hakuna aliyeniomba. Nilisema kwa sababu moyo ulikuwa umejaa na sikujua namna nyingine ya kuumwaga. Watu walipiga makofi, baba akatikisa kichwa, nami nikaondoka nikiwa mwana mwema.

Wakati ule Bodi ya Mikopo ilikuwa inatupa shilingi 8,500 kwa siku kwa chakula na malazi, kabla ya kupandishwa kuwa 10,000 mwaka 2022. Fedha hiyo, ambayo wanafunzi wote huiita bumu, haiji kila siku. Inaingia kwa mkupuo kila baada ya miezi kama miwili, na inapochelewa unajifunza mambo mengi kuhusu maharage. Miezi ya mwanzo nilituma nyumbani kama nilivyoahidi, nikawa nakula mlo mmoja. Mwezi wa tano nilishindwa, na kwa kuwa nilishindwa kutuma nikaona aibu kupiga simu. Mwezi uliofuata nikaona aibu zaidi. Wiki 11 zilipita mama yangu hajasikia sauti yangu, mpaka alipompigia mwenzangu wa chumbani, ambaye bila kujua kwamba ni siri alimwambia kuwa ninakula mara moja kwa siku. Mama alipanda basi mwenyewe kutoka Njombe. Alifika hosteli akiwa na ndoo ya mahindi ya kukaanga, na neno la kwanza alilosema lilikuwa, "Nani alikutuma?"

Sijui kama umewahi kumuumiza mtu kwa kumpenda, lakini ndivyo nilivyojisikia. Zile shilingi nilizomtumia alikuwa hajazitumia hata moja; alikuwa ameziweka ili anirudishie likizo.

Leo nimeajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wangu inakatwa kurejesha mkopo kabla sijaishika, ile nyumba bado ni matofali yaliyopangwa chini ya mwembe, na mama yangu hajawahi kuitaja. Mimi ndiye ninayeikumbuka kila ninapokwenda likizo. Kwa hiyo shukuru, omba radhi, piga magoti ikibidi, lakini usitaje kiasi wala tarehe. Piga simu hasa siku ambazo huna kitu.

BintiWaPaje:

Kaka Mnyalukolo, umenishika pabaya, kwa sababu katika daftari langu nilikuwa nimeshaandika sentensi inayoanza na "nitakapoajiriwa." Nimeifuta. Mwalimu, nimemsomea mdogo wangu habari ya bibi yako na chuo, akacheka mpaka baba akauliza kuna nini.

Doti_Moja:

Wote mmeandika marefu, na mimi ni mtu wa Kariakoo, nina jibu fupi. Mnunulie mama doti ya kanga yenye jina linalosema unachotaka kusema. "Nani Kama Mama" haijawahi kukosekana dukani. Kanga iliumbwa kwa ajili ya watu wanaoona haya. Unaitoa kwenye mfuko, unamkabidhi, unakwenda zako, yeye atasoma mwenyewe.

MamaWaCherehani:

Doti_Moja, sina ugomvi na kanga, ila mtoto huyu bado hana hata senti ya bumu, na akinunua sasa atakuwa amenunua kwa fedha ya mwani wa mama yake. Asubiri likizo ya kwanza. Na achague jina kwa makini. Mimi niliwahi kuletewa kanga na mkwe ambaye hakusoma jina lake, na mtaa mzima ukasoma.

MkulimaJambiani:

Mwanangu wa Paje, mimi ni jirani yako, tunatazama bahari moja, na nina kamba zangu huko mbele ya Jambiani. Nimesoma yote yaliyosemwa juu ya maneno, na ni mazuri, lakini hakuna aliyeuliza nani atashika kazi yako ukishaondoka.

Mtoto wa kwanza wa kike katika nyumba ya mwani si mwanafunzi tu. Najua bila kuambiwa kwamba bamvu likiingia, yaani siku zile maji yanapokupwa na kujaa sana, wewe ndiye unayeamka na mama yako, wewe ndiye unayebeba upande wa pili wa polo, na mvua ikinyesha mwani ukiwa umeanikwa wewe ndiye unayekimbia. Ukiondoka, mama yako atapungukiwa na mikono miwili siku hiyo hiyo, wala hatakuambia, kwa sababu anataka uende. Mimi mwenyewe binti yangu alipokwenda kusoma Tunguu, msimu wa kwanza nilipoteza kamba nyingi kwa sababu tu sikuwa na mtu wa kuzikaza upepo ulipogeuka. Nilimwambia mambo yote ni mazuri.

Tena siku hizi kazi yenyewe imekuwa ngumu kuliko zamani. Ule mwani wa bei nzuri, kotoni, karibu na ufukwe haumei tena kama ulivyokuwa, maji yamekuwa ya moto, unaoza na kukatika. Tumebaki na spinosamu ambao bei yake ni ndogo, au uingie maji ya kina kirefu, na wengi wetu hatujui kuogelea.

Wewe una wiki mbili. Bamvu huja mara mbili kwa mwezi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa hiyo kabla hujaondoka utapata bamvu moja kamili. Usilipoteze kwa kuzunguka kuaga watu mjini. Ingia majini na mama yako siku zote za bamvu hilo, na mchukue huyo mdogo wako anayefuata, umfundishe kufunga tai-tai fundo lisilolegea, umwonyeshe kamba zipi hupigwa sana na kusi. Hayo maneno unayoyatafuta utayapata huko huko. Usipoyapata, kamba zitakuwa zimefungwa.

Mnyalukolo_Mhasibu:

Natamani jibu hili ningelisoma kabla ya ile hotuba yangu ya sebuleni.

BintiWaPaje:

Naandika kutoka hosteli za chuo, huku Dar es Salaam, siku yangu ya tisa. Samahani kwa kukaa kimya, na ahsanteni nyote.

Niliingia majini na mama siku tano za bamvu, pamoja na mdogo wangu wa kike mwenye miaka 13, ambaye alilalamika siku ya kwanza, akanyamaza ya pili, na siku ya tatu akaanza kunikosoa mimi. Siku ya nne, maji yakiwa yanaanza kurudi na sisi tumeinama kwenye kamba ile ile, mama upande wake na mimi upande wangu, nilimwambia jambo nililoliona nikiwa darasa la sita. Mwaka ule bei ilianguka sana, na nilikuwa nahitaji viatu. Mama aliuza kitanda kimoja, yaani fungu la kamba, cha mwani uliokuwa haujakomaa, wa wiki tatu tu, kwa mwanamke mwingine, usiku, ili baba asijue, nami nilikuwa macho nikiwasikia wakihesabu fedha nje ya mlango. Nikamwambia: "Nilikusikia usiku ule wa viatu."

Hakuinua kichwa. Alifunga miche mitatu, minne. Kisha akasema, "Viatu vyenyewe vilikuwa vinakubana, ukasema havikubani." Nikasema ndiyo, vilikuwa vinabana. Akasema, "Nilijua." Tukaendelea mpaka maji yakafika magotini, akaniambia kwamba fundo langu la mwisho limelegea nilirudie.

Kwa baba nilifuata njia ya Mwalimu. Nilimkuta baada ya magharibi, ameketi barazani akisuka upya dema lililotobolewa, nikapiga magoti, nikasema maneno yale kama yalivyo. Alinyamaza kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno. Kisha akaweka dema chini, jambo ambalo halifanyi hata wageni wanapokuja, akasema, "Radhi zako ulikuwa nazo kabla hujaomba. Nimekuwia radhi tena." Aliingia ndani, akatoka na tochi yake, ile anayokwenda nayo baharini usiku, akanipa. Nikamwambia kwamba Dar kuna umeme. Akasema, "Na hapa upo." Basi nimekuja nayo. Ipo chini ya mto, inanuka samaki kidogo, na wenzangu wa chumbani wameshaiazima mara mbili umeme ulipokatika.

Dua ya Alhamisi ilisomwa, ami alisema kwa niaba yangu kwa karibu nusu saa, akataja hadi watu waliokufa kabla sijazaliwa, na nilipokuwa nikimsikiliza niliona kwamba sikuwa na kinyongo tena, kwa kuwa yangu nilikuwa nimeshayasema. Sikuahidi chochote. Niliulizwa na mtu mmoja nitaleta nini nikirudi, nikasema nitakuja mwenyewe.

Bumu bado halijaingia. Jana nilimpigia mama kwa salio la kuazima, na kabla sijasema lolote aliniuliza kama nimekula, nami nikamuuliza kama upepo umegeuka. Ameniambia kwamba kamba tatu za mdogo wangu zimeng'oka zote usiku mmoja, na kwamba mafundo yake ni mabaya kabisa, kama yangu ya mwaka wa kwanza.